Nani Atauliza? Wafungwa wa Mau Mau na miaka 50 ya kungoja

Zamu ya historia mwezi huu ni yangu, na nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya reli za Kongo. Samahani, reli itangoja. Kuna neno nililisikia nyumbani likanikaa kichwani, na wiki mbili nzima nimekuwa nikilitafutia jibu.

Jumapili moja nilienda kumsalimia baba mkubwa kule Gatenga. Wanaomfahamu wanajua kwamba yeye hafungi mlango. Hata usiku, hata mvua ikinyesha, mlango wa chumba chake unaachwa wazi kidogo, na sisi watoto tulizoea hivyo hivyo bila kuuliza. Wakati wa vita kule kwetu Kivu, watu wenye bunduki walimfungia ndani ya kontena la chuma wiki sita, yeye na wanaume wengine. Hakuwa mwanajeshi. Hakuna aliyemwambia kosa lake. Wengine hawakutoka.

Siku hiyo nilimuuliza kama aliwahi kuandika yaliyompata. Akacheka. "Niandikie nani, mwanangu? Wenye bunduki wanakufunga, tena uende kuwashitakia wao wenyewe? Nani atauliza?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, walau nusu yake. Nimelipata Kenya.

Vita visivyoitwa vita

Tarehe 20 Oktoba 1952, gavana wa Kiingereza nchini Kenya, Evelyn Baring, alitangaza hali ya hatari. Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi, pamoja na Wakamba kadhaa, walikuwa wamekula kiapo cha kupigania ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Dunia iliwaita Mau Mau. Wenyewe walisema wanapigania ardhi na uhuru.

Angalieni jina lile: "hali ya hatari". Waingereza hawakusema "vita". Walileta majeshi, walidondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, walinyonga watu zaidi ya 1,000, lakini vita haikuwa vita. Kwa nini? Kwa sababu vita ina mateka wa vita, na mateka wana haki zao. Mikataba ya Geneva ilikuwa imeandikwa mwaka 1949, miaka mitatu tu kabla. Ukimwita mtu mhalifu au mgonjwa wa akili anayehitaji "kusafishwa", unaona umejitoa kwenye sheria hiyo.

Nisiseme uongo: Mau Mau nao waliua. Kule Lari, Machi 1953, waliwachoma watu ndani ya nyumba zao, wanawake na watoto, na upande wa serikali ukalipiza kwa kuua tena. Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa wengi kuliko walowezi, ambao walikuwa 32. Ninaandika hili kwa sababu haki ya mfungwa haitegemei kama upande wake ulikuwa safi. Mtu akishakamatwa, akanyang'anywa silaha na kufungwa mikono, yuko chini ya dhamana ya aliyemkamata. Hapo ndipo swali la serikali linapoanzia.

Waliofungwa kwenye kambi, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikuwa kama 80,000. Mwanahistoria Caroline Elkins anasema hesabu hiyo ni ndogo mno, na kwamba waliopitia kizuizini ni mara kadhaa ya hapo. Wengi hawakupelekwa mahakamani kabisa. Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na askari, watu wakapangwa mistari, na mbele yao akakaa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, basi umekwisha. Unapelekwa Lang'ata, Mackinnon Road au Manyani. Hukuulizwa lolote. Gunia limetikisika tu.

Walijua

Baba mkubwa husema wakubwa hawajui yanayotendwa na wadogo. Kwa habari ya Kenya, hapana. Walijua.

Mkuu wa polisi, Arthur Young, alijiuzulu mwisho wa mwaka 1954 baada ya miezi michache tu kazini, kwa sababu alitaka kuwachunguza walinzi waliotesa na kuua watu, na hakuungwa mkono. Januari 1955 gavana akatoa msamaha, na askari wa upande wa serikali nao wakawekwa ndani ya msamaha huo kwa yale waliyokuwa wamekwisha kuyafanya.

Halafu ikaja Juni 1957. Katika kambi za Mwea walikuwa wameanza mpango mpya. Wafungwa waliokataa kukiri waliletwa kikundi kidogo kidogo, wakazungukwa na walinzi wengi kuwazidi, wakalazimishwa kwa nguvu mpaka wakubali. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana akieleza namna ya kufanya jambo hilo bila kugombana na sheria. Alieleza sehemu za mwili zisizofaa kupigwa, kama figo, ini na wengu. Alieleza kwamba mpigaji asiwe na hasira, awe mtulivu. Na akaongeza kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya.

Nilisoma habari ya barua hiyo mara tatu. Huyu si mlinzi mlevi wa usiku. Ni mwanasheria mkuu, ofisini kwake, kwenye karatasi ya serikali. Barua hiyo tuikumbuke, maana itarudi.

Hola

Kambi ya Hola ilikuwa karibu na mto Tana, kwenye joto kali, mahali pa wale walioitwa wagumu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa zaidi ya 80 walipelekwa kuchimba mfereji. Walikuwa wamekataa kazi hiyo, wakisema wao si wahalifu waliohukumiwa. Kulikuwa na mpango ulioandikwa na kupitishwa na wakubwa: wakikataa, walazimishwe. Walinzi waliwapiga kwa marungu muda mrefu. Watu 11 wakafa na wengine wengi wakaumizwa vibaya.

Kesho yake serikali ikatoa tangazo. Eti watu hao wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Maji! Lakini maiti zilipopasuliwa zilisema ukweli. Zilikuwa na alama za kipigo. Uchunguzi ukafanyika, habari ikafika London, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 bunge la Uingereza likajadili Hola. Barbara Castle wa chama cha Leba alikuwa amefuatilia mambo ya kambi hizi kwa miaka. Enoch Powell, mtu wa chama tawala, naye alisimama kuishambulia serikali ya chama chake mwenyewe. Alisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika.

Je, nani alishitakiwa kwa vifo 11? Hakuna. Hola yenyewe ikabadilishwa jina, ikaitwa Galole. Kambi zikaanza kufungwa, na mwanzoni mwa 1960 hali ya hatari ikaondolewa.

Siku ile ya Hola alikuwepo Wambugu wa Nyingi. Alikuwa amekamatwa tangu 1952, na alikaa kizuizini karibu miaka tisa bila kuhukumiwa kwa kosa lolote. Alipigwa mpaka akazimia, akalazwa pamoja na maiti, wakidhani naye amekufa. Mshike jina lake.

Karatasi zinachomwa

Uhuru ulipokaribia, wakubwa wa kikoloni waliamriwa kutoiachia serikali mpya karatasi yoyote itakayoiaibisha Uingereza. Nyingine zilichomwa moto. Nyingine, kama maelekezo yalivyosema, zilikuwa za kuzamishwa baharini mahali penye kina. Na nyingine zilipakiwa kwenye ndege zikapelekwa Uingereza, zikafichwa.

Kenya yenyewe nayo ilinyamaza. Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku miaka 40 baada ya uhuru, mpaka 2003. Wazee walioteswa hawakuweza hata kuandikisha umoja wao kisheria. Kwa hiyo tukisema "serikali iwajibike", tusiangalie Ulaya tu. Serikali ya nyumbani pia inaweza kukaa juu ya mdomo wa mtu.

Marufuku ilipoondolewa, wazee wakajiandikisha. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ikakusanya maelezo yao mmoja mmoja. Juni 2009 watano kati yao walifungua kesi London: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Wanaume wawili walisema walihasiwa. Jane Mara alikuwa bado binti mdogo alipofanyiwa kambini mambo ambayo sitayaandika hapa, maana wadogo zetu nao wanasoma. Yeye aliyasema yote mbele ya mahakama, uso mkavu, akiwa bibi wa wajukuu.

"Si sisi"

Sasa sikilizeni jibu la serikali ya Uingereza. Haikusema "hamkuteswa". Ilisema: deni hili si letu. Mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru, basi madeni ya serikali ya kikoloni yakahamia kwa serikali ya Kenya. Yaani aliyepigwa akadai fidia kwa nchi aliyoikomboa yeye mwenyewe!

Tunaokaa Kicukiro tunaijua hoja ya namna hii. Kila siku tunapita pale ilipokuwa shule ya ufundi ya ETO, tukielekea gare ya Nyanza. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia pale kwa sababu askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi. Tarehe 11 Aprili askari wakaondoka. Watu wakaswagwa mpaka Nyanza, wakauawa. Ndipo penye ukumbusho leo. Wale hawakuwa wafungwa, najua, ni habari nyingine. Lakini walionusurika walipoishitaki Ubelgiji, mwaka 2010 mahakama ya Brussels iliona kwamba Ubelgiji inawajibika. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikaligeuza: kuondoka kule kulihesabiwa kuwa kitendo cha Umoja wa Mataifa, siyo cha Ubelgiji. Na Umoja wa Mataifa una kinga, haushitakiki hivi hivi.

Mnaona? London walisema "nendeni Nairobi". Brussels walisema "nendeni New York". Mara nyingi serikali haikatai kwamba umeumia. Inakuonyesha tu mlango wa jirani.

Lakini kesi ya Kenya haikufia mlangoni, kwa sababu moja: karatasi. Mwanahistoria David Anderson aliiambia mahakama kwamba kuna majalada yaliyoletwa kutoka Kenya wakati wa uhuru ambayo hayajawahi kuonekana. Mahakama ikataka yatafutwe. Mwanzoni mwa 2011 serikali ikakubali kwamba yapo. Yalikuwa Hanslope Park, jengo lenye ulinzi mkali kaskazini ya London: maboksi kama 300, majalada kama 1,500 ya Kenya peke yake, pamoja na maelfu mengine ya makoloni 36. Walioficha karatasi waliitunzia kesi ushahidi wake.

Julai 2011 Jaji McCombe akasema kuna kesi ya kusikilizwa. Julai 2012, mbele ya mahakama hiyo hiyo, wakili wa serikali akakubali kwamba wazee hawa waliteswa na utawala wa kikoloni. Hapo mtu angedhani mambo yamekwisha. Wapi! Serikali ikageukia muda: sheria ya Uingereza kwa kawaida inampa aliyeumizwa miaka mitatu kudai, na hapa imepita zaidi ya 50. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji akajibu kwamba, kwa wingi wa nyaraka zilizopatikana, kesi ya haki bado inawezekana. Kufikia siku hiyo wadai waliokuwa wamebaki ni watatu tu: Nzili, Nyingi na Mara. Susan Ngondi alikuwa amefariki bila kusikia.

Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni. Alisema serikali inatambua kwamba Wakenya waliteswa, na inasikitika. Walikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za mawakili zikiwa ndani yake. Walisaidia pia kujenga mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, uliozinduliwa Septemba 2015. Lakini katika hotuba hiyo hiyo waziri alisema serikali haikubali dhima kisheria.

Pigeni hesabu. Pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 ni chini ya 4,000 kwa mtu, kabla hujatoa za mawakili. Kwa miaka tisa ya Nyingi. Mnaona mwenyewe.

Nusu nyingine ya jibu

Ningeishia hapo mngefurahi, lakini ukweli una mkia. Wengine zaidi ya 40,000 nao walifungua kesi yao London. Miaka ikaenda. Mwaka 2018 mahakama ikaikataa. Jaji mwingine aliona kwamba muda uliopita ni mrefu mno: mashahidi wamekufa, kumbukumbu za waliobaki zimechanganyika, na serikali haiwezi tena kujitetea kwa haki. Mateso yalikuwa yale yale, nchi ile ile, kambi zile zile. Lakini kundi la kwanza lilipata fidia na la pili likatoka mikono mitupu.

Kwa hiyo ninapojibu "nani atauliza?", najibu hivi. Kwanza, waulizaji wapo, lakini huchelewa. Kati ya Hola na hotuba ya Hague imepita miaka 54. Pili, hakuna mtu mmoja aliyefungwa kwa sababu ya Hola. Iliyolipa ni serikali, na kidogo. Msitegemee zaidi ya hapo kisha mkate tamaa. Tatu, na hili ndilo nataka mlibebe: kilichofungua mlango ni maandishi kukutana na mtu aliye hai. Karatasi za Hanslope Park bila Nyingi zingekuwa vumbi. Nyingi bila karatasi angekuwa mzee anayelalamika.

Wafungwa wenyewe walilijua jambo hili mapema. Ndani ya kambi, wakati walinzi hawaangalii, waliandika barua, wakazitorosha nje, kwenda kwa magavana, mawaziri na wabunge wa Uingereza. Nyingi hazikujibiwa. Lakini baadhi zilihifadhiwa, na leo wanahistoria wanazisoma. Mtu mwenye njaa, asiye na kalamu yake mwenyewe, aliandika tarehe na mahali.

Sisi tuna simu, daftari na umeme. Tuna wazee Gatenga, Kanombe, Gikondo, na wengine kambini Kiziba na Mahama. Ninaomba kila mmoja wetu akae na mzee mmoja. Andika mahali. Andika mwaka, kama hakumbuki, andika ilikuwa msimu gani, mahindi au mvua. Andika nani aliamuru, walivaa nini, nani mwingine alikuwepo. Kama kuna kadi ya hospitali au barua, piga picha. Mzee akikataa, muache, usimlazimishe. Tusiwe sisi tena wa kumhoji mtu kwa nguvu. Na tafadhali sana, maelezo hayo msiyaweke hapa mbele ya watu wote. Yana majina, na wengine wana ndugu waliobaki kule. Nakala moja ikae kwenye daftari, nyingine mahali pengine salama.

Nilirudi kwa baba mkubwa Jumapili iliyopita. Nikamsimulia habari ya mzee aliyelazwa kati ya maiti kule Hola, akaja kusimama London akiwa na zaidi ya miaka 80. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na alikuwa anakumbuka majina ya wale wengine?"

Nikamwambia sijui, lakini majina ya wale 11 yanajulikana.

Akasema, "Leta daftari."

Alianza na majina. Tumefikisha saba, na anasema kuna wawili bado anawatafuta kichwani. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida.